Fundi Pindo na Visikizi Visivyo na Waya

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeamua. Nitakuwa msimamizi wa karakana. Msimamizi wa zamani amehamia kwa binti yake, na Mama Bosi, mwenye karakana yetu ya ushonaji, ametangaza kwamba Ijumaa atatuhoji mimi na Pasi mbele ya mafundi wote. Pasi ndiye mpiga pasi wetu. Hunyoosha nguo, hunyoosha maneno, na sasa anataka kuninyoosha mimi. Mimi huitwa Pindo, kwa sababu kazi yangu ni pindo za suruali. Wengine husema ni kwa kuwa siaminiwi kingine. Wivu.

Tatizo ni moja. Mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mke wangu hana shida hiyo. Basi mpango ni huu: yeye nyumbani na simu, mimi kwenye mahojiano na kitu kidogo sikioni.

Nimekwenda kwa muuza simu wa kona. Ana visikizi vipya visivyo na waya, vyeupe, vidogo kama maharage, vinalala kwenye kijisanduku kinachovichaji. Kanikubalia nikae navyo wiki moja, mradi nimletee tathmini ya kweli: vinafaa kwa matumizi ya kila siku au havifai? Nimemwambia amempata mtu.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio: kukaa sikioni. Cha kulia kinakaa kama kimezaliwa humo. Cha kushoto kinadondoka kila nikiinama, na mshona pindo kazi yake ni kuinama. Mchana kikapotea. Nimetafuta chini ya cherehani, kwenye mfuko wa vipande, hata ndani ya chai ya Pasi. Hakupenda nilivyotumbukiza kidole.

Jioni karudi mteja, ana hasira. Anasema kila akipita mbele ya mlango wetu mguu wake wa kulia unaimba. Kumbe kisikizi nilikuwa nimekishonea ndani ya pindo ya suruali yake. Nimemwomba radhi, nimefumua. Faida: sauti inapenya hata kitambaa kizito. Hilo litaingia kwenye tathmini.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio: kupokea simu barabarani. Mke wangu aliniagiza sukari. Lori likapita. Nikaleta sufuria. Aliitazama, akaniuliza kama Ijumaa pia nitasikia hivihivi. Nimemwambia karakanani hakuna malori.

Jaribio la pili: kuzuia kelele. Hapo sina la kulaumu. Vimezuia kelele za cherehani, za mafundi, na za Mama Bosi, aliyekuwa akiniita nyuma yangu. Pasi alimwambia kwa upole kwamba huenda nimeanza uziwi, na msimamizi kiziwi ni hasara. Mama Bosi akanigusa bega. Nikashtuka, nikashona mkono wa shati langu kwenye suruali ya mteja. Nilisimama nayo ikining'inia, nikamsikiliza kwa heshima zote.

Sikati tamaa. Mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 7 Machi

Pasi kagundua nina kitu sikioni. Nimemwambia ni dawa. Akasikitika, akaniletea pamba, akasimama hapo hapo mpaka nikaiweka. Nimeshinda na pamba asubuhi nzima. Adui akikuonea huruma, huna pa kumshika.

Mchana nimeunganisha simu yangu na spika kubwa ya ukutani inayotuchezea muziki, kulinganisha sauti. Visikizi vimeshinda kwa mbali.

Jioni tumefanya mazoezi, mke wangu jikoni, mimi bafuni. Kabla ya kuanza aliuliza kwa nini aseme yeye halafu cheo nipate mimi. Nikamwambia ndoa ni kusaidiana. Akasema haya. Nimerudia kila neno lake bila kosa, hata "ngoja, maziwa yanafurika".

Ijumaa, 8 Machi

Pasi alitangulia. Alizungumza juu ya nidhamu mpaka mafundi wakapiga miayo. Kisha mimi. Kisikizi kimoja sikioni, kofia juu yake, simu mfukoni mwa shati, mke wangu hewani.

Mama Bosi akauliza: mteja akirudisha suruali akidai imembana, nitafanyaje? Nikasubiri. Sikioni kisikizi kikatoa mlio mdogo wa huzuni, kikazima. Chaji imeisha. Simu ikajitafutia njia iliyoizoea jana, ikajiunga na spika ya ukutani.

"Mkalishe kwanza," ikasema karakana nzima kwa sauti ya mke wangu. "Mpe maji. Mtu aliyebanwa na nguo usimbane na maneno. Kisha mwachie mshono kidogo, na usimwambie amenenepa. Mwambie kitambaa kimerudi."

Nilikuwa nafungua na kufunga mdomo, nikitumaini watadhani ni mimi.

"Na acha kukunja uso, Baba Watoto. Nakujua. Wataona unadanganya."

Mafundi waliangukia vitambaa kwa kicheko. Mama Bosi hakucheka. Alisogea hadi kwenye mfuko wa shati langu, akaiuliza simu: na mafundi wawili wakigombania cherehani moja? Spika ikajibu. Akauliza jingine. Ikajibu hilo pia. Wakazungumza wale wawili kwa raha zao, mimi nimesimama katikati kama kigingi. Mwishowe Mama Bosi akauliza kama mwenye sauti ana kazi yoyote kwa sasa.

"Sina, Mama," spika ikasema. "Nina mume tu."

Kapewa cheo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepeleka tathmini. Sauti nzuri, chaji ya kinafiki, havifai kwa watu wanaoinama wala kwa watu wenye siri. Muuza simu alisema aliomba tathmini, si maombolezo. Hata hivyo kaibandika dukani.

Jioni mke wangu aliniuliza, bila mzaha, kama nimeumia. Nikisema ndiyo, atakataa kazi. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameshatoa viatu vyake vya zamani vya kazini, anavipaka rangi huku anaimba, na nilikuwa sijamsikia akiimba peke yake siku nyingi. Nikasema hapana. Nikamshikia kiatu cha pili.

Jumatatu, 11 Machi

Siku yake ya kwanza. Ananiita "fundi", kama wengine. Kanirudishia pindo mbili nizirekebishe. Pasi anamsifu kupita kiasi, na sasa najua sababu: msimamizi anatafuta naibu.

Unaibu huo ni wangu. Ila kumwomba mke wangu moja kwa moja, ulimi unakuwa mzito. Ninahitaji mtu wa kunisemea, mtu ambaye yeye hawezi kumkatalia. Saa ya chai nimempigia mama mkwe.

Kakubali mara moja. Sharti lake ni moja tu: aje akae kwetu mpaka jambo liishe. Nimemwambia aje na mizigo yake yote, karibu sana. Siku mbili tatu hivi, litakuwa limekwisha.