Betri Mbili za Mashua ya Mjomba

Jumanne, 8 Agosti 1967. Homa Bay.
Naahidi kuandika yote hapa, hata ya aibu. Mjomba Dishon anavuka ziwa kwa mashua kwenda Kisegi Jumamosi jua likishazama. Nafasi ya abiria ni moja tu, ya atakayeleta taa. Mama yuko huko tangu Pasaka, akimuuguza Bibi. Binamu yangu Javan anaitaka nafasi hiyo kwa sababu ana karabai. Nimemwambia Mjomba nitaiwashia mashua taa mbili za umeme mpaka asubuhi. Amesema tuone.

Alhamisi, 10 Agosti.
Hesabu imekamilika! Taa mbili, ampea nne, saa kumi: arobaini. Mwalimu Bosibori alitufundisha betri isishushwe chini ya nusu, basi themanini. Nimeazima betri mbili za lori. Dinamo ya kinu cha unga cha Mzee Kerosi hutoa ampea tano. Themanini kwa tano ni saa kumi na sita za kuchaji, nikaongeza mbili za tahadhari. Javan ameuliza kama nimehesabu pia samaki.

Ijumaa, 11 Agosti.
Betri ziko kinuni tangu saa sita mchana. Kesho saa kumi na mbili asubuhi zitakuwa zimejaa. Mzee Kerosi alianza kusema jambo kuhusu jioni, lakini nilikuwa bado namweleza ampea. Akaniacha nimalize.

Jumamosi, 12 Agosti.
Kanisani, wimbo wa pili. Mzee Kerosi amesimama mbele yangu, anaimba besi. Nikajiuliza: kama yuko hapa, nani anaendesha injini ya kinu? Hakuna. Aliizima jana kabla ya jua kuzama, kama kila Msabato. Kama sisi nyumbani! Betri zilichajiwa saa tano tu. Taa zingezimika katikati ya ziwa.
Mjomba hakunigombeza. Alisema, “Phelesia, hesabu yako ni safi. Ila Sabato hukuihesabu.”
Javan amekwenda na karabai yake. Ameahidi kunisalimia Mama.

Jumapili, 13 Agosti.
Nimelia kidogo, kisha nikafikiri. Mjomba atavuka tena Jumapili ijayo jioni. Kinu cha misheni ya Katoliki kina dinamo, na Wakatoliki hawashiki Sabato! Nitapeleka betri Jumamosi jioni, nizichukue Jumapili mchana. Saa kumi na nane kamili. Nimemwandikia Mwalimu Bosibori, nanakili: Mwalimu, wewe ni Mkatoliki, nijibu kwa posta ya kwanza. Kuna jambo gani liwezalo kuzima injini yenu siku ya Jumapili?