Mnanaa wa Msomi

Viatu vya Msomi vilikuwa vimefumuka midomo, na kesho yake alitakiwa kwenda kujitambulisha ukweni. Shule hakumaliza, jina alilipata kwa kuwa hakuwahi kumtapeli mtu bila kushika karatasi.

Siku hiyo mtunza stoo wa maabara alimgawia chupa iliyokataliwa. Waliagiza mafuta ya mnanaa, yakaja yananukia kisibiti, kile kiungo cha mikate. Cheti kilieleza kwamba molekuli za mafuta hayo mawili zina atomu zilezile, zimeshikana vilevile, ila moja imepangika kinyume cha mwenzake, kama sura kwenye kioo. Msomi akakikunja cheti palepale kwenye "ila", akaubana mkunjo kwa ukucha, akashika njia mpaka kwa mama mpika peremende, mke wa fundi viatu.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mnanaa. Pesa sitaki, nipe jozi moja tu ya viatu vyeusi, namba arubaini na mbili."

"Marahaba." Mama akazibua, akanusa, akakunja uso. "Mwanangu, hiki si kisibiti?"

"Pua zinadanganya, mama. Soma mwenyewe. Ukiyachemsha na sukari, harufu inageuka."

Mama akasoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Msomi macho yake yalikuwa kwenye rafu ya viatu, hakuona kidole kilipofika kwenye mkunjo, kikaufunua, kikaurudisha.

"Kwa hiyo vitu vikiwa vilevile, vimeungwa vilevile, ni kitu kimoja?"

"Kimoja kabisa, mama. Hiyo ndiyo sayansi."

"Haya. Mimi ni nani nibishane na cheti." Akaingia ndani, akatoka na boksi lililofungwa kamba mara mbili. "Usilifungue njiani, vumbi litaua rangi."

Asubuhi, suti imenyooshwa, mjomba wake anamsubiri mlangoni, Msomi akakata kamba. Viatu viwili, vyeusi, vinang'aa, vyote vya mguu wa kushoto. Fundi alikosea kalibu ya kushonea mwezi uliopita, na mkewe tangu hapo alikuwa akivitafutia mtu wa kuvichukua.

Akavibeba mbio mpaka dukani. Alimkuta mama akimkabidhi mwoka mikate ile chupa. Mwoka huyo kisibiti ndicho alichokuwa akikitafuta wiki nzima.

"Mama, umenipa kushoto tupu."

"Kagua, mwanangu. Ngozi ileile, mishono ileile, matundu ya kamba yaleyale. Vaa tu, ukitembea kimoja kitageuka."

Muda ulikuwa umekwisha. Msomi akavaa. Kila alipolenga mbele miguu ilikata kona, na sebuleni kwa wakwe aliingia ubavu ubavu, kichwa chini, jasho likimtoka.

Baba mkwe akamwinamia mkewe. "Huyu angalau ana adabu."