Hotuba ya Kufungua Ukumbi wa Chokaa

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo hakuna. Kufikia saa mbili mawingu yameondoka na jua limekuwa kali.

Leo Mkuu wa Idara ya Majengo na Maeneo ya Wazi alikuja mtaani kwetu. Tulimwita aone kiwanja na atie sahihi ombi letu la kujengewa ukumbi wa chekechea, kwa kuwa watoto arobaini na mmoja wanasomea kwenye korido ya mashine ya kusaga. Ombi hilo ni la nne kwenye foleni ya idara. Mdogo wangu anasomea usanifu wa majengo, na mtaa mzima unamwita Rula kwa sababu hatoki nyumbani bila rula. Aliuchora ukumbi kwa kompyuta, na kuta, na watoto wamekaa, na mwanga unaingia dirishani, tukaiambatanisha picha na barua. Jana akauchora tena kiwanjani kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, ili watu watembee ndani na kusema wanataka nini kikae wapi. Kumbe kule idarani waliiona ile picha wakadhani jengo limekwisha simama. Mkuu amekuja na utepe, mkasi, na daftari la majengo yaliyokamilika. Jengo likishaandikwa humo, ombi lake linafutwa.

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa. Mwenyekiti aliniagiza niandike hotuba neno kwa neno. Nainakili hapa, na yaliyotokea nimeyaweka kwenye mabano. Ilianza saa tatu na dakika kumi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naarifiwa yuko njiani, Waheshimiwa wajumbe wa kamati, mliopata viti na mliovikosa, Mwalimu Mkuu wa chekechea, ambaye vilevile ndiye mwalimu wa pekee, wawakilishi wa sekta ya viwanda, nikiwa na maana ya mwenye mashine ya kusaga, karani wangu mchapakazi, dereva wangu, wazazi, walezi, watoto, na ninyi nyote ambao vyeo vyenu bado havijatangazwa: itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye haikumzingatia, ainue mkono azingatiwe sasa hivi. (Watu watatu wameinua mikono. Amewazingatia mmoja mmoja. Dakika nne.)

Kabla sijasema niliyokuja kusema, naomba niseme kwamba nitasema kwa kifupi. (Makofi marefu.) Asanteni, lakini msipige makofi mengi, maana yanakula muda wa ufupi wangu.

Ndugu wananchi, mimi katika utumishi wangu uliotukuka, na neno hilo si langu, limo kwenye cheti nilichojiandalia, nimefungua majengo mia mbili na kumi na saba, na katika hayo, mia moja na tisini nimegonga kichwa mlangoni. Leo nimeteremka garini, nimetembea, nikamuuliza karani, 'Ukumbi uko wapi?' akanijibu, 'Mheshimiwa, umesimama ndani yake.' (Kicheko.) Ndani yake! Na kichwa changu ni kizima! Hiyo, kitaalamu, ndiyo inayoitwa dizaini inayomjali mtumiaji, kwa mujibu wa fremuweki ya stretejia ya miaka kumi ya idara yangu, ukurasa wa themanini na mbili, ambao niliuandika mwenyewe nikiwa ndani ya ndege.

Wako wakosoaji, nawajua, wengine wameketi hapa mbele, watakaosema, 'Mkuu, mbona kuta ni za chokaa, tena zimelala chini?' (Mwenye mashine ya kusaga: 'Tena nimekanyaga moja nikahamia chooni.') Nawajibu kwa takwimu. Ukuta uliosimama una uwezekano wa kuanguka wa asilimia thelathini na sita. Ukuta uliolala, sifuri. Nyufa, sifuri. Paa je? Nani hapa amewahi kuliona paa la ukumbi huu likivuja? (Hakuna.) Ameona nani popo? (Hakuna.) Na mwanga, ndugu zangu! Tulilenga asilimia sitini ya mwanga wa asili, lakini kutokana na usimamizi wangu wa karibu leo tumefikia asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada nimeelekeza zigawiwe mitaa jirani.

Mama! Wewe mama mwenye kapu, samahani, umepita ukutani. Rudi uingie kwa mlango. (Bibi muuza mboga: 'Mlango uko wapi, baba?' Watoto wote: 'Pale, bibi, penye ndoo!' Bibi amezunguka hadi kwenye ndoo, ambapo karani ameshika ncha ya utepe kwa kukosa pa kuifunga. Bibi amebisha hodi. Karani amemwambia karibu.) Asante sana, mama. Nidhamu ya majengo huanza na mtu mmoja mmoja.

Nikirejea kwenye vishoni yangu, yaani dira. Binti aliyechora, yule pale mwenye rula, aliandika kwenye barua maneno matatu ambayo yalinikosesha usingizi wa mchana: nafasi, mwanga na jamii. Nafasi ipo, naiona, imejaa. Mwanga upo, unanitoa jasho. Jamii... jamii mbona inanihama? (Ni kweli. Jua limepanda, na kivuli cha ukuta wa mashine ya kusaga kimerudi nyuma hadi kwenye stoo iliyochorwa kwa chokaa. Watu wote wametoka darasani wakajibana stoo, viti na vyote. Mkuu amebaki darasani peke yake.) Tazameni! Watu sabini ndani ya stoo ya hatua nne kwa tano, bila ugomvi! Hayo ndiyo matumizi shirikishi ya nafasi, na nitayapeleka kwenye semina. Dereva, unafanya nini? Funga huo mwavuli. Mtu hafungui mwavuli ndani ya nyumba. (Dereva ameufunga. Kicheko stoo nzima.)

Na binti naye naona amepiga magoti ananichora mistari miguuni, nadhani ni maandalizi ya sanamu, mimi sikuomba, lakini kama wananchi wameamua... (Rula: 'Hapana, Mheshimiwa, naweka alama ya kivuli. Kila robo saa naona watu wamefika wapi.') Utafiti! Ndani ya jengo lenyewe! (Rula: 'Utafiti unasema nimekosea, Mheshimiwa. Penye kivuli nimeweka stoo, na watoto nimewaweka juani. Masufuria yatakaa raha kuliko wao.' Mwalimu: 'Nilikwambia, wewe! Ukaniambia mchoro unapendeza hivyo!' Rula: 'Nimekubali, Mwalimu. Nitavibadilisha.') Mnasikia unyenyekevu huo? Katika kipindi changu, makosa ya usanifu yamepungua kwa nusu, na nusu iliyobaki imekubaliwa hadharani.

Sasa nifike kwenye tukio lenyewe. Karani, daftari. (Karani ameachia utepe, umeanguka. Mkuu ameukata ukiwa chini. Makofi machache.) Hili, ndugu zangu, ni Daftari la Majengo Yaliyokamilika, na likishapokea ukumbi huu, mtaa wenu utahesabiwa miongoni mwa mitaa iliyohudumiwa kikamilifu, na hamtasumbuliwa tena na foleni yoyote. (Mwalimu amesimama: 'Mheshimiwa, sisi foleni tunaitaka! Tumeomba tujengewe, hatujaomba kufunguliwa.') Mwalimu, maombi ni mwishoni. (Mwalimu: 'Mwishoni si ndiyo hapo unaposaini?' Mwenye mashine: 'Na mimi korido yangu narudishiwa lini, Mkuu? Nasaga huku wanasoma, mpaka wateja wangu wananijibu a-e-i-o-u!') Hoja zote zimepokelewa, zimethaminiwa, zimewekwa kapuni, nikiwa na maana ya kapu la hoja. Natia sahihi. (Ametia. Imechukua mistari miwili.)

Chini yake kuna mstari wa mjenzi, na bila mstari huo daftari halipokelewi, kwa utaratibu ambao, bahati mbaya, niliuweka mimi. Mjenzi wa ukumbi huu ni nani? Ni huyu huyu binti, kwa mikono yake na chokaa yake. Njoo, mwanangu, usiogope. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, natangaza mbele ya umati huu kwamba nafasi ya Msanifu Msaidizi katika idara yangu iko wazi tangu mwaka juzi, na kuanzia kesho asubuhi ni yako: meza, kiti cha kuzunguka, na dirisha linalotazama bustani. Kinachotakiwa ni jina lako hapa, basi. (Mama yetu, kutoka stoo, kwa sauti: 'Mwanangu, kiti cha kuzunguka!' Mwalimu amemtazama mama. Mama ameinamisha kichwa.)

Haya, kalamu hiyo. (Rula ameichukua. Amesoma mstari kwa kidole. Rula: 'Hapa pameandikwa, Nathibitisha kwamba nimejenga.') Naam. (Rula: 'Sijajenga.') Umejenga fikra! (Rula: 'Fikra haina mstari wake hapa, Mheshimiwa.') Mwanangu, hicho ni kitu kidogo, ni prosesi tu, kila siku watu wanasaini. (Rula: 'Najua. Na ile kazi naitaka, sitadanganya, nimeshajiona nimekaa dirishani. Lakini nikiandika jina langu hapa, hawa watoto watamaliza chekechea yao koridoni, na wadogo zao vilevile.' Amefunika kalamu, ameiweka juu ya daftari, amerudi stoo. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi muuza mboga amesogea akampisha akae.)

Ni... ni tukio la kihistoria. Kuna mjenzi mwingine? Mwenye mashine, wewe mtu wa viwanda. ('Mimi nasaga, Mkuu.') Mwenyekiti! (Mwenyekiti amesema miwani ameisahau nyumbani. Huku ameivaa.) Karani, unaninong'oneza nini? Sema polepole. Ehe. Ehe. Basi usirudie, nimesikia.

Ndugu wananchi, mzungumzaji mzuri hujua mahali pa kukomea, nami nilipapita zamani. Nifunge kwa salamu ya idara. Mwanga! (Wachache: 'Kwa wote!') Nafasi! ('Kwa wote!') Ukumbi! (Watoto: 'Uko wapi?') Nafasi nimeshaitaja, sawa, tuishie hapo.

Kilichobaki ni shukrani. Nawashukuru mafundi, ambao hawakuitwa. Nayashukuru matofali, ambayo hayakufyatuliwa, na saruji, iliyobaki kiwandani kwa utulivu mkubwa. Naishukuru kamati ya ufundi, ambayo haikuwahi kukaa hata siku moja kuujadili mradi huu, na haikuwa na sababu ya kukaa, maana mradi huu, kama karani anavyonikumbusha kwa sauti ya chini isiyo ya lazima, haupo, haukuwahi kuwepo, hauna faili, na kitu pekee kilichopo mezani kwangu ni ombi la wananchi wa mtaa huu, namba nne kwenye foleni, ambalo halijaguswa. Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba ukumbi huu umefunguliwa rasmi. Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi makubwa kuliko yote, kuanzia kwenye maneno 'namba nne'.)"

Imekwisha saa tano na dakika ishirini na tano. Mkuu ametoka kwa mlango. Daftari limeondoka na sahihi moja.

Saa nane mwenyekiti alikuja na muhuri, akiwa amevaa miwani yake. Akasema, "Katibu, ile aya ya shukrani umeiandika yote?" Nikamsomea. Akanirudisha nyuma mara mbili hadi kwenye maneno "ombi la wananchi wa mtaa huu, namba nne kwenye foleni". Akapiga muhuri pembeni yake, akaongeza mwingine chini ya ukurasa. Jumatatu mimi na Mwalimu tutapeleka nakala idarani, tusubiri mpaka itiwe muhuri wa kupokelewa.

Mama hakusema na Rula mchana kutwa. Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, akamuuliza, "Hivi hicho kiti, kinazunguka chenyewe au unakisukuma kwa miguu?" Rula akasema kwa miguu. Mama akasema, "Basi si kitu cha kulilia." Halafu akatoka nje akakaa peke yake kidogo.

Nimelala saa tatu na dakika arobaini usiku.