Salamu za Redio Zilizonifikia Mimi

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua jina la tovuti! Linafanana na la Redio Mwangwi, ila langu halina n. Watu wana vidole vizito. Barua pepe zao zitaniangukia mimi, na redio itanipigia magoti niwauzie. Shemeji, kaka yake mke wangu, anasema nimenunua kivuli. Wivu! Fundi simu anajua nini kuhusu biashara kubwa?

Jumanne, 4 Juni
Zimemiminika! Zote salamu. Bibi mmoja anamsalimia mjukuu wake anayekaribia mtihani. Dereva wa lori anamwomba mkewe radhi. Nimewaandikia redio: wanunue jina, la sivyo salamu hazitoki kwangu. Mgomo!

Alhamisi, 6 Juni
Redio wamejibu. Wanashukuru, hawana haja. Hawana haja! Mgomo unaendelea. Bibi ameandika tena: mbona mjukuu wake hasalimiwi, kwani amekosea wapi? Nikafunga kompyuta. Chakula nikakisukuma pembeni. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 7 Juni
Barua kutoka kwa mke wangu! Naye kasahau n. “Namsalimu mume wangu. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe anajifungia stoo na kompyuta, anadhani sijui kwamba analia. Mwambieni sijamchoka.”
Uongo. Stoo ina vumbi.
Nimeisoma mpaka herufi zikaogelea. Nisipoipeleka redioni, haitasomwa. Nikiipeleka peke yake, bibi je? Nimezipeleka zote. Bure! Mgomo umevunjwa, na msaliti ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Tulikuwa jikoni, mke wangu anamenya viazi. Mtangazaji akaanza na bibi, kisha akamsoma yeye. Nilipanga kujifanya nimeshtuka. Wapi! Machozi yakanitangulia. Akaweka kisu chini, akanifuta uso kwa kiganja chenye maji ya viazi. “Si ungeniambia tu, baba watoto?” Nikaapa mipango basi. Nilimaanisha kabisa. Shemeji, aliyesimama mlangoni, akasema leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupata faida. Alikuwa anafuta pua.

Jumapili, 9 Juni
Nimenunua jina linalofanana na la kampuni ya magodoro. Safari hii hakuna mambo ya moyo. Nani amwandikie muuza godoro siri zake?
Ujumbe wa kwanza umeingia. Mwalimu mstaafu, mjane. Anauliza kama godoro la watu wawili linaweza kukatwa nusu. Nimemjibu asilikate, alale katikati.
Bei ya jina nimeipandisha maradufu.