Mkate wa Kamati ya Shukrani

"Kamati ya Shukrani kwa Watoto wa Vita imekwisha kuamua kwamba mama yako alilelewa katika nyumba hii," Naibu Mkuu wa Wilaya alirudia, safari hii kwa kipaza sauti, ingawa Zoya alikuwa amesimama mbele ya pua yake. "Uamuzi hauna rufaa."

"Mama yangu si huyu hapa? Muulize mwenyewe."

"Mama yako ni shahidi mwenye maslahi."

Shahidi mwenye maslahi, Bi Fira, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya bendera, akila zabibu kavu za wageni. Aliletwa mji huu wa Uzbekistan akiwa na miaka mitano, kwa treni iliyojaa watoto waliokimbizwa vita. Mama mmoja wa mtaani akamchukua stesheni, akamlea mpaka vita vilipokwisha na mjomba akaja kumrudisha kwao Kharkiv. Alichokumbuka ni kidogo: tanuri la udongo uani, mtoto mwenzake waliyelala naye blanketi moja, na mkate. Siku ya kuondoka aliambiwa aume mkate mara moja, kama wanavyofanya wasafiri wa huko, ukatundikwa ukutani umngoje arudi aumalize. Sasa amerudi, magoti mabovu, na anachotaka ni mkate wake na mwenzake. Ndege ya kurudi ni kesho.

Kamati ilikuwa imemrahisishia kazi. Nyumba ilipatikana, na kwa bahati njema ikawa ya babu yake Naibu. Lami iliwekwa kutoka barabara kuu mpaka getini hapo, ikakomea hapohapo, kwa sababu shukrani nayo ina bajeti yake. Mkate pia ulipatikana. Ulikaa mezani chini ya kioo, umepakwa vanishi ili uwafae vizazi vijavyo.

Bi Fira alijikongoja mpaka mezani, akautazama.

"Aliyeuma hapa ana kinywa kama koleo. Mimi nilikuwa kitoto."

"Njaa ya vita hupanua kinywa," Naibu alieleza. "Kamati Ndogo ya Meno imethibitisha."

"Mama, tulia kidogo," Zoya alimnong'oneza.

"Situlii! Nimepanda ndege na magoti haya nije nioneshwe mkate wa mtu mwingine?"

Mgeni rasmi, Mkuu wa Mkoa, alitikisa kichwa kwa uzito mbele ya kamera ya televisheni. Muda mfupi uliopita alikuwa amehutubia kwamba mila ya mkate ifuatwe kikamilifu, na atakayeipuuza atachukuliwa hatua.

Mara pakazuka zogo getini. Bibi mmoja mwenye mtandio wa maua alikuwa anasukumana na mlinzi.

"Bila kadi ya mwaliko hupiti, bibi."

"Kadi sina, mkate ninao! Nimekaa nyuma ya ukuta huu tangu baba yako hajazaliwa, leo wewe ndiye wa kunifungia njia?" Akachungulia chini ya kwapa la mlinzi, akaita: "Rayhon! We Rayhon!"

"Abee!" aliitika Bi Fira, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyetumwa maji. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Zoya hakuwahi kumsikia mama yake akiitwa jina hilo.

"Saodat?" Bi Fira aliuliza.

"Nani mwingine? Mbona umenenepa hivyo?"

"Na wewe umekuwa mfupi."

Wakashikana, wakalia, wakacheka, ratiba ya sherehe ikaharibika. Saodat alifungua kitambaa alichokuwa amekibeba. Mkate ulikuwa mkavu kama kigae, na pembeni una alama ndogo ya kuumwa, katikati yake pengo.

"Jino lako la mbele lilikuwa limeng'oka," alisema. "Mama hakuruhusu mtu auguse, hata mwaka ule wa njaa. Mpaka anakufa alikuwa anaupangusa vumbi."

"Mkate huo haujasajiliwa," Naibu alisema.

"Na huu uliosajiliwa," Mkuu wa Mkoa aliuliza, "aliuma nani?"

Ni dereva wa Naibu aliyejibu, akidhani anamsaidia bosi wake.

"Mheshimiwa Naibu mwenyewe! Mimi nilijitolea, akasema meno yangu ya dhahabu yatatuumbua."

Zoya hakungoja kikao. Aliinua kile kioo, akaweka mkate wa Kamati kwenye sahani, akamimina chai, akamsogezea Naibu.

"Mila ifuatwe kikamilifu," alisema. "Aliyeuma ndiye anayemaliza. Karibu, mheshimiwa."

Naibu alimtazama Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa aliitazama kamera, taa yake nyekundu inawaka.

"Kula, ndugu," alisema.

Bi Fira alikuwa ameshachovya mkate wake kwenye bakuli la chai. Aliumumunya mpaka chembe ya mwisho huku akibishana na Saodat ni nani aliyekuwa akivuta blanketi. Zoya akawashika mikono wote wawili, wakatoka getini, wakapita pale lami inapokomea, wakaingia na viatu vyao kwenye matope ya uchochoro wa kwa Saodat.

Kipaza sauti cha Naibu hakuna aliyekumbuka kukizima. Mpaka wanafika mlangoni, mtaa mzima ulikuwa unaisikia Kamati ya Shukrani ikitafuna vanishi.