Ombi la Kumrejesha Shemeji na Diski Yake

Kwa Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi, na miwani ikiwa karibu.

YAHUSU: KUMREJESHA KWENU MWANAO WA KIUME, PAMOJA NA DISKI YAKE

Baba, nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi. Nimeripoti mafuriko, chaguzi na migomo bila kupandisha sauti, na hata sasa sipandishi. Naeleza tu yaliyotokea, halafu nitaomba utumie hekima yako.

Kama unavyojua, binti yako anashona hapahapa sebuleni. Amepata kazi ya kudarizi nembo kwenye masweta ya shule, na shule inafunguliwa Jumatatu. Mashine yake ya kudarizi ni ya zamani, na haisikilizi kompyuta yoyote isipokuwa yenye mfumo wa zamani. Kompyuta tuliyonunua ina mfumo mpya. Vyombo hivyo viwili vimekaa meza moja tangu mwezi uliopita na havisalimiani. Masweta yasipokuwa tayari, mwalimu mkuu ataipeleka kazi kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye siku hizi anamsalimia binti yako kwa uchangamfu usio wa kawaida.

Ndipo shemeji yangu, anayejiita Injinia, alipofika na diski yenye mfumo wa zamani na begi la nguo. Alisema ni kazi ya asubuhi moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikuja Jumapili. Leo ni Alhamisi, na bado tumo katika asubuhi ile.

2. Kazi yake haina mwisho. Nasema hivi kama mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta muda wote. Kompyuta hunakili mafaili, hujizima, hujiwasha, kisha huandika kwa herufi nyeupe juu ya weusi kwamba tubonyeze kitufe chochote ili ianzie kwenye diski. Tunabonyeza. Basi inaanza kunakili mafaili yaleyale, kama mgeni anayeaga, akafika mlangoni, akakumbuka jambo, akarudi kuketi.

3. Mwanao hayupo wakati wa hatari. Akishaweka diski huenda chumba cha watoto kupumzisha macho, na macho yake yakipumzika husikika hadi barabarani. Kibodi ameniachia mimi. Sijakwepa. Kila mara kompyuta inapotoa agizo, mimi ndiye ninayelitekeleza, tena kwa haraka, maana muda inaotoa ni mfupi. Hata vitufe nimevipangia zamu ili kimoja kisielemewe. Binti yako akipita na nyuzi zake huuliza, "Baba watoto, kwani lazima ubonyeze?" Nimemweleza kwamba katika kazi yangu, maelekezo ya maandishi hayachezewi.

4. Amepiga marufuku feni, redio na pasi, eti umeme usiyumbe. Tunanong'ona kama nyumba yenye mtoto mchanga. Jirani amekuja kutoa pole akidhani tuna mgonjwa. Nilipomweleza kwamba ni kompyuta, aliuliza kama imeanza kula.

5. Mwanao anakula. Hilo silifafanui.

6. Jana nilimtaka aniambie ukweli. Alijikuna, akaitazama kompyuta, akasema, "Shem, hapa kuna mkono wa mtu." Tuhuma kama hiyo sikuweza kuiacha ipite, nikafanya uchunguzi. Fundi wa ng'ambo amekana na kunikaribisha chai. Watoto walikuwa uani na wanashuhudiana. Binti yako alikuwa anakata vitambaa. Mtu pekee ambaye hajabanduka kwenye kibodi ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye shahidi, na shahidi hashitakiwi. Anayebaki ni mwanao.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, umwite mwanao nyumbani kabla ya Jumamosi.

Pili, kama mila zetu zinaruhusu, nibadilishiwe shemeji. Sichagui umri wala kimo, mradi asiwe na diski.

Tatu, yote hayo yakishindikana, uiandikie shule isifunguliwe. Ulikuwa mkaguzi wa shule, na najua wapo walimu ambao mpaka leo husimama wima wakisikia unakohoa.

Nisalimie Mama Mkwe, mashangazi wote, na yule mjomba anayesema kompyuta ni upepo, zitapita. Watoto wanakuamkia, kwa kunong'ona.

Wako, mtiifu kwako na kwa maagizo mengine yote ya maandishi,

Mkweo

N.B. Barua hii nimeiandikia jikoni, na kwa muda huo kibodi haikuwa na mtu. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikaomba kitufe kibonyezwe, haikujibiwa, ikaendelea na safari yake. Sasa mfumo umekaa, mashine ya kudarizi imeitikia, na masweta yanatoka moja baada ya jingine. Mimi natoa mfuatano wa matukio tu, hitimisho sijatoa. Binti yako amelitoa. Amemwamsha kaka yake kumsimulia, na wamekaa chini ya feni wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kwa hiyo maombi yangu yabaki yalivyo, ila popote niliposema mwanao arudishwe, isomeke mkweo apokelewe. Begi langu binti yako ameshalifunga. Anauliza pia kama huko kwenu kuna kompyuta. Kama ipo, anaomba ifungiwe chumbani kabla sijafika.