Mama wa Rais Afa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 7 Aprili. Washington.

Wiki ya tatu kwenye korido ya Ikulu. Suruali imechakaa kwa kukalia benchi. Nataka kitu kimoja tu: ukuu wa posta ya kwetu Bellport, Ohio. Nikirudi mikono mitupu, baba mkwe ananingoja kwenye kiwanda chake cha ngozi, na ngozi zinanuka. Tuttle, muuza dawa wa Bellport, naye anaitaka posta hiyohiyo. Tuttle! Hana hata barua ya mbunge. Ana kopo la peremende tu.

Mimi nina kitabu. Kimetoka kwa mchapaji leo: Maisha na Utawala wa Rais Wetu. Utawala una mwezi mmoja, nimeupa kurasa nne. Maisha ndiyo yenyewe. Nimemzaliza Rais kwenye kibanda cha magogo, maana wapiga kura hawampendi mtu aliyezaliwa kwenye nyumba yenye ngazi. Ukurasa wa kumi na mbili mama yake anakufa. Mtoto wa miaka sita anamzika peke yake, kwa koleo dogo. Nililia nilipokuwa naandika.

Jumatano, 9 Aprili.

Nimeondoka dakika moja kutema tumbaku, nikakuta bibi kizee mwenye kofia nyeusi kakalia nafasi yangu. Nikamwambia hapa ni pa watu wenye shughuli nzito. Akainuka, akauliza shughuli gani. Nikampa nakala ya kitabu ili anyamaze. Hata sahihi nimeweka. Tuttle, mjinga yule, akasimama akampa kiti chake, na peremende juu. Kapoteza zamu ya siku nzima! Nimecheka mpaka katibu wa Rais akaniangalia vibaya.

Ijumaa, 11 Aprili.

Nimeonewa. Nimeitwa ndani, nikanyoosha tai, nikijua ni posta. Rais hayumo. Yumo yule bibi, miwani puani, kitabu changu mapajani. Ndiye mama yake Rais! Mtu mkubwa hivyo anakaaje benchi bila kujitambulisha? Uungwana huo?

"Bwana Stoddard," akasema, "ukurasa wa kumi na mbili nimekufa."

Nikamweleza kwa heshima kwamba kifo chake kina faida kubwa, hasa kule Ohio. Akasema nyumba yao ilikuwa ya matofali, ghorofa mbili, na ngazi yake ndiyo iliyomvunja Rais jino.

"Mama yako yu hai?"

Nikasema yupo, mzima wa afya.

"Anajua kazi yako ni kuua mama za watu?"

Kisha moyo wake ukalainika. "Nifufue, bwana. Jumatatu niletee kitabu nikiwa hai, nami nitamwambia mwanangu akupe hiyo posta yako."

Posta iko mkononi!

Jumamosi, 12 Aprili.

Mchapaji anasema kazi ni ndogo: ning'oe kurasa tatu, basi. Ning'oe! Sura ya mazishi ndiyo tamu kuliko zote. Mwandishi gani anajitia kilema mwenyewe? Nimepata njia bora. Mazishi nimeyaacha yote, nikaongeza ukurasa mmoja: koleo linagonga jeneza, na jeneza nalo linagonga. Mama anatoka. Kaomba afufuliwe, nimemfufua.

Jumatatu, 14 Aprili.

Bibi kausoma ukurasa ule mara mbili. Akamwita Tuttle ndani. Posta ya Bellport kapewa Tuttle! Kwa peremende! Hii ndiyo serikali tuliyoipigia kura? Na kunitonesha kidonda, Tuttle kaniahidi kwamba barua zangu atazitunza vizuri.

Alhamisi, 3 Julai. Bellport.

Nanuka ngozi. Lakini chama cha upinzani tayari kinamnoa mtu wake wa uchaguzi ujao, na gazeti limeanza kuchapa kitabu changu kipya juu yake. Safari hii nimekuwa makini. Niliulizia kwanza: mama yake alishafariki, kweli kabisa. Kwa hiyo nimemuua baba tu. Kaangukiwa na mti akijenga kibanda cha magogo. Nimelia tena.

Asubuhi nilipita posta. Tuttle kaniambia kuna mzee kashuka kwenye treni, ana bakora, ana gazeti, anauliza nyumba yangu. Jina lake la ukoo ni lilelile la mgombea. Atakuwa mjomba. Sasa hivi nasikia mtu anagonga mlango kwa nguvu. Nimeshachovya kalamu, nimwekee sahihi kwenye gazeti lake.